Maswali na Majibu: Gideoni na wale 300

Wale 300 waliokwenda na Gideoni, mwamuzi wa Israeli, kupigana na Wamidiani walichaguliwa kwa kuwa walikuwa macho kuliko wenzao?
Husikika sana mimbarani, lakini Waamuzi 7 haisemi hivyo. Katika watu 10,000 walioletwa majini wajaribiwe kwa namna ya kunywa, 300 waliramba maji wakipeleka mkono kinywani; waliobaki walipiga magoti. Sababu inayotajwa ya kupunguza jeshi iko mstari wa 2: Israeli wasije wakajisifu kuwa mkono wao ndio uliowaokoa. Ukiwageuza hao 300 kuwa makomando, umeipindua hoja.

Wale 22,000 waliorudi kwa hofu mwanzoni, kabla ya jaribio la majini, walikuwa wasaliti?
La. Kumbukumbu la Torati 20:8 inamruhusu mwoga arudi, asije akawatia ndugu zake hofu. Gideoni mwenyewe aliambiwa, kama anaogopa, ashuke kwanza kambini kwa adui na mtumishi wake Pura. Akashuka.

Adui walikuwa wangapi?
Kwa Waamuzi 8:10, walioanguka ni 120,000 na waliosalia 15,000. Gawanya kwa 300: ni 450 kwa mmoja.

Usiku wa shambulio, mtu mmoja alishikaje tarumbeta, mtungi na mwenge? Upanga je?
Mwenge ulifichwa ndani ya mtungi mtupu, mwanga usionekane mapema. Vikosi 3 vya watu 100 vilifika ukingoni mwa kambi mwanzo wa zamu ya kati. Usiku ukigawanywa zamu 3, hiyo ni kama saa 4 usiku, na walinzi wapya ndio kwanza wamewekwa. Wakapiga tarumbeta, wakavunja mitungi; mwenge ukabaki mkono wa kushoto, tarumbeta wa kulia. Mkono wa upanga uko wapi hapo? Walitaja upanga kwa kelele tu, kila mtu akasimama mahali pake, na Wamidiani wakakatana wao kwa wao.

Naweza nami, kama Gideoni, kuweka ngozi ya kondoo nje usiku nijue mapenzi ya Mungu?
Gideoni alikuwa ameshaagizwa. Alichotafuta ni uhakika. Tena sufu hunyonya umande, kwa hiyo ishara ya kwanza, ngozi kulowa hadi ikakamuliwa bakuli zima la maji huku ardhi ikiwa kavu, bado ingeweza kutiliwa shaka. Ngumu ni ya pili: ngozi kavu, ardhi yote imelowa. Aliiomba akisihi Mungu asimkasirikie.

Alimaliza vizuri?
Nusu nusu. Alikataa ufalme, kisha akaomba pete za nyara: shekeli 1,700 za dhahabu, kilo 19 hivi. Akatengeneza naivera (vazi la kikuhani), akaiweka Ofra, mji wake, Israeli wakaiabudu. Nchi ilitulia miaka 40. Alipokufa, wakarudi kwa Mabaali, miungu ya Wakanaani.