Jibu: Kelele za ndege ndogo Kipunguni, nianzie wapi?

Habari mkuu. Umesema ndege ndogo za pangaboi (propela) zinapita juu ya paa lako Kipunguni tangu alfajiri, mtoto anaamka analia, na hujui pa kulalamikia. Pole sana. Nimeishi na kero hiyo Kiwalani, upande wa pili wa uwanja wa ndege, miaka sita.

Kwanza sikiliza: kelele inatoka angani au chini? Ikiisha ndani ya nusu dakika, ndege imepita. Ikidumu dakika kadhaa mahali pamoja, kuna injini inajaribiwa uwanjani. Hiyo ndiyo ya kuipigania kwanza, maana saa na sehemu ya kujaribia inaweza kubadilishwa bila kugusa ratiba za safari.

Za angani zinafuata upepo. Ndege hutua na kuruka ikiukabili, na njia kuu ya kurukia pale JNIA (uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam) ni 05/23, yaani imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi. Upepo wa kaskazi ukivuma, zinatua zikitokea upande wenu, kusini-magharibi. Ukigeuka, zinatokea kwetu. Rubani hana kosa hapo.

Mimi niliandika daftarini wiki tatu nzima: tarehe, saa, imedumu muda gani, imetokea wapi. Barua ya kwanza ya "tunasumbuliwa" haikujibiwa. Ya pili, yenye nakala ya daftari na muhuri wa serikali ya mtaa, tuliitwa kuzungumza. Za uwanjani peleka TAA (Mamlaka ya Viwanja vya Ndege), za angani TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga).

Mtoto asisubiri barua. Chumba chake kama kina madirisha ya luva, toa, weka ya kioo yenye mpira pembeni, na piga dari chini ya bati. Kwangu mwanangu alianza kulala mpaka saa moja.