Mbona mashamba ya Marekani ni mraba mraba, na vinamasi vyao vilienda wapi?

SWALI: Salaam mhariri. Binamu yangu yuko Iowa, Marekani, katuma picha aliyopiga akiwa kwenye ndege, mashamba yote mraba mraba kama daftari la hesabu. Kwani huko hakuna vinamasi kama vyetu?
Msomaji, Tororo

JIBU: Vilikuwepo ndugu yangu, tena vingi mno. Hiyo miraba ilianza na sheria ya 1785, ardhi ikapimwa vipande vya maili moja kwa maili moja, yaani eka 640, bila kujali kijito kinapita wapi. Sasa barafu ya zama za kale ilikuwa imeacha mashimo mashimo yanayojaa maji theluji ikiyeyuka, ndo bata wa porini wanataga hapo mpaka leo kule North Dakota na Kanada, lakini Iowa wakulima wakafukia mabomba ya udongo chini ya shamba, siku hizi ya plastiki, maji yakakimbizwa mitaroni, vijito vikanyooshwa kama rula, na karibu asilimia 90 ya vinamasi vya jimbo hilo vikaisha. Mahindi walipata, sikatai. Ila kinamasi ndo kilikuwa kinachuja mbolea, sasa inateremka na mto Mississippi hadi Ghuba ya Mexico, mwani unajaa, samaki wanakosa hewa.

Mi inaniuma sana maana hapa kwetu kwenye kinamasi cha Nakivubo, mafunjo yaliyokuwa yanachuja uchafu wa Kampala kabla haujaingia ziwani, mengi yamefyekwa watu wapande magimbi. Huko Iowa wapo wanaochimba vinamasi upya pale mabomba yanapomwaga maji, muulize binamu kama kwao vipo.