Daktari unayehama nchi, anza na makaratasi

Madaktari wengi wanaotaka kwenda nje huniuliza kwanza vitabu vya kusomea mtihani. Vitabu vipo, na mtihani mtafaulu. Kinachowakwamisha madaktari hodari ni makaratasi, hasa tarehe zake.

Chukua Uingereza. Baraza la madaktari la huko, GMC, linataka uthibitishe Kiingereza chako. Kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni wastani wa 7.5, na hakuna kipengele kinachoshuka chini ya 7.0. Kuna PLAB, mtihani wa GMC kwa madaktari waliosoma nje: ya kwanza, maswali 180 kwa saa 3, na ya pili, ya vitendo, inayofanyikia Manchester. Ukifaulu ya kwanza una miaka 2 tu ya kufaulu ya pili. Cheti cha mwenendo mzuri kutoka baraza la nchi uliyofanyia kazi nacho hudumu miezi 3, kwa hiyo kiombe mwishoni. Ukikikimbilia mapema utakiomba upya, safari hii ukiwa mbali.

Barua ya internship, yaani mafunzo ya kazi baada ya shahada, ni kinyume chake. Ichukue kabla hujaondoka, msimamizi anayekufahamu akiwa bado yupo, na hakikisha ina tarehe za kuanza na kumaliza kila idara. Kisha nenda ofisi ya msajili wa chuo ulikosoma, uulize nani hasa anajibu maombi ya kuthibitisha shahada. Ombi linaweza kulala miezi kwa sababu limetumwa kwenye barua pepe ya ofisa aliyekwisha kustaafu. Na kama pasipoti ina majina matatu na shahada mawili, rekebisha sasa.

Marekani mlima ni mrefu zaidi. Kufaulu USMLE, mitihani ya leseni ya huko, na kupata cheti cha ECFMG, taasisi inayothibitisha madaktari waliosoma nje, bado si leseni: unashindania nafasi ya residensi, yaani mafunzo ya udaktari hospitalini, kisha unaomba leseni ya jimbo. Hata daktari bingwa mara nyingi hurudia mafunzo hayo. Kumpima daktari kwa usalama wa mgonjwa ni haki. Kumrudisha bingwa mwanzo kabisa naona ni kupoteza mikono inayohitajika. Baadhi ya majimbo, Tennessee likiwemo, yamepitisha sheria za kulegeza sharti hilo, basi soma sheria za jimbo lenyewe.

Usiache kazi ili usome tu. Waajiri huuliza lini ulihudumia wagonjwa mara ya mwisho, na pengo la mwaka mzima ni gumu kulieleza.