Mafuta ya chipsi, bakteria na sabuni ya maji

SWALI: Natengeneza sabuni ya maji hapa Kariobangi. Bei ya ungerol, ile kemikali ya kutoa povu na kuondoa mafuta, inanilemea, na majirani zangu wa vibanda vya chipsi wanamwaga mafuta yaliyochoka. Nasikia kuna bakteria wanaokula mafuta hayo na kutoa kitu kinachofanya kazi ya ungerol. Naweza kuwafuga nyumbani kwenye pipa la lita 200?

JIBU: Ulichosikia ni kweli, dada, lakini pipa hilo usilianzishe nyumbani.

Bakteria aliyechunguzwa zaidi kwa kazi hii ni Pseudomonas aeruginosa. Yeye huishi kwenye maji, na mafuta hayataki kuchanganyika na maji. Ili ale, hutoa vimeng'enya vinavyovunja mafuta yawe gliserini na asidi za mafuta, kisha hutengeneza ramnolipidi, yaani sukari iliyounganishwa na asidi za mafuta. Upande mmoja hushika maji, wa pili hushika mafuta, sawasawa na ungerol. Ramnolipidi kidogo tu hushusha mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayofanya uso huo ujikaze, kutoka 72 hadi karibu milinewtoni 30 kwa mita.

Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yanamfaa, mradi uchuje mabaki ya viazi. Zile asidi huru zinazokuvurugia vipimo vya kostiki unapopika sabuni ya kipande, kwake ni chakula kilichokwisha kuvunjwa. Jambo la kuangalia ni naitrojeni: ikiisha huku mafuta yakiwa bado mengi, bakteria hushindwa kuzaana, na kile anachoendelea kula hukielekeza kwenye ramnolipidi.

Sasa sababu ya kukuzuia. Bakteria huyuhuyu hushambulia vidonda, majeraha ya moto, macho na mapafu, na dawa nyingi haziwezi kumuua. Utaambiwa uchukue udongo wa gereji uliolowa oili, uutie kwenye maji na mafuta, usubiri povu. Tafadhali usifanye hivyo. Hiyo ndiyo njia ya kumwalika yeye na wenzake usiowajua, kisha pampu ya hewa iwarushe kwa matone madogo ndani ya nyumba yenye watoto. Wenye viwanda wanaokwepa hatari hii hutumia jamaa yake mpole, Pseudomonas putida, aliyepandikizwa jeni za kutengeneza ramnolipidi.

Halafu kuna hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Oksijeni inayoyeyuka kwenye tangi nayo hupungua kwa kiwango hicho, na bakteria hawa wanaihitaji sana. Ukiongeza hewa, povu hupanda, maana unachozalisha ni kitoa povu chenyewe, na tangi hufurika. Mwishoni bado unatakiwa kuua bakteria, kuwatenganisha, kushusha pH hadi karibu 2 ili ramnolipidi igande, kisha kuisafisha. Hatua hizi za mwisho ndizo humeza sehemu kubwa ya gharama, hata kama mafuta uliyapata bure.

Mimi ningekuelekeza kwa chachu iitwayo Starmerella bombicola. Si bakteria, ila hula sukari pamoja na mafuta na kutoa soforolipidi, kitu cha jamii moja na ramnolipidi. Haijulikani kwa kuleta maradhi, huweza kutoa zaidi ya gramu 100 kwa lita, na zao lake hujitenga na maji ya tangi kwa urahisi zaidi. Kasoro yake kwako ni povu dogo, na najua mteja wa Kariobangi hupima sabuni kwa povu. Kwa hiyo ifikirie kama nyongeza ya kupunguza ungerol, usiitarajie kuiondoa kabisa.

Kwa sasa, mafuta ya majirani yachuje na uyapikie sabuni ya kipande kwa kostiki, ukipima upya kila shehena kwa sababu asidi yake hubadilika. Wazo la chachu lipeleke KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, South C, ukaulize kuhusu majaribio kwenye tangi dogo. Beba sampuli za mafuta kutoka vibanda tofauti, kila moja na chupa yake, na uandike ni mafuta ya aina gani na yamekaangiwa siku ngapi. Beba pia sabuni unayouza sasa, ili zao jipya lilinganishwe nayo.