Anti, uso wangu nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo anti. Niko Tanga, Makorora, nina miaka 23, nauza madera na vitenge karibu na soko la Mgandini. Uso wangu unatoa mafuta balaa, ikifika saa sita mchana unang'aa kama nimepaka samli, chunusi haziishi na zikipona zinaniachia madoa meusi. Nimeshapaka ndimu, nimepaka dawa ya meno, naoshea sabuni ya mche. Saivi shoga yangu ananiambia ninunue krimu ya kopo wanayochanganya palepale dukani, eti wiki moja tu madoa kwisha. Mdogo wangu tunalala chumba kimoja ila yeye ngozi yake kavu, inachanika. Hela yetu ndogo, tunaweza kutumia vitu vya aina moja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote nakuomba, hiyo krimu ya kopo usiinunue. Huo ni mkorogo. Ukiona kitu kinatoa madoa kwa wiki moja, mara nyingi ndani kuna dawa kali kama steroidi au haidrokwinoni, au zebaki ambayo ni sumu, uso unatakata kweli siku za mwanzo na watu wanakusifia, alafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, chunusi zinarudi nyingi kuliko za mwanzo, na zebaki yenyewe inaingia mwilini mpaka kwenye figo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa kwetu, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lile shirika la viwango, kwahiyo kopo lisilo na jina wala orodha ya vilivyomo liache hapohapo. Na kama kuna anayesoma hapa ameshatumia miezi mingi asiache ghafla kivyakevyake maana uso unaweza kuwaka moto, aende hospitali na kopo lake mkononi daktari alione.

Haya sasa tuje kwenye uso wako. Unahitaji vitu vitatu tu: cha kuoshea, cha kulainisha, na cha kukinga jua. Tona, siramu, skrabu, hivyo vyote viache kwanza.

Kuosha ni mara mbili, asubuhi na usiku, na ukitoka jasho sana mchana suuza kwa maji matupu basi. Najua unavyojisikia ukiona mafuta, unataka usugue mpaka uso ulie kwiii, lakini kule kukakamaa baada ya sabuni ya mche sio usafi, ni ngozi imevuliwa kinga yake, ile sabuni ina ukali wa kufulia nguo. Tafuta fesi woshi laini, kwa wewe mwenye chunusi yenye salisiliki asidi, ile inayozibua vinyweleo, itakufaa. Lowesha uso, paka kwa vidole taratibu kama nusu dakika, suuza, alafu gusagusa na taulo safi, usisugue na upindo wa kanga uliyoshinda nayo jikoni.

Ungali na unyevu paka losheni. Ndio, hata wewe wa mafuta, ila chukua nyepesi ya majimaji iliyoandikwa haizibi vinyweleo. Mdogo wako yeye achukue krimu nzito yenye gliserini, na kama usoni hana chunusi hata vaselini kidogo usiku inamtosha. Kwahiyo jibu la swali lako ni kwamba sanskrini, yaani hiyo ya kukinga jua, mnaweza kutumia moja, fesi woshi inategemea maana ya kwako yenye salisiliki itamkausha zaidi, losheni kila mtu yake. Mafuta ya nazi najua sisi wa Tanga tunayapenda, yapake mwilini na miguuni, ila kwenye uso wa chunusi yanaziba.

Sanskrini ndio watu wengi wanairuka, wanasema ya wazungu. Madoa yako meusi yanatokana na ngozi kutoa rangi nyingi pale chunusi ilipokuwa, na jua linazidi kuyakoleza, sasa unaweza kupaka dawa ya madoa mwaka mzima ukashinda juani hapo sokoni na hupati kitu. Chukua yenye SPF 30 au zaidi, hicho ndio kipimo cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa, kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, upake uso mpaka shingo, na ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili. Ikikuacha mweupe kama umepakwa unga jaribu ya jeli. Na ndimu acha kabisa, maji yake yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha doa jeusi zaidi.

Kitu kingine hujaniuliza ila naomba ukiangalie. Chunusi za kwenye paji la uso kama zinafuata mstari wa ushungi, fua kile kikofia cha ndani kila siku, kaskazi hii kinalowa jasho na mafuta ya nywele alafu kinakaa usoni kutwa nzima.

Kipya chochote kijaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili tatu, na kianze peke yake, ili kikikuwasha ujue ni kipi. Chunusi zipe wiki 6 mpaka 8, madoa ni miezi. Zikiwa kubwa, zinauma, zinaacha mashimo, usisubiri, nenda hospitali ya Bombo.

SWALI: Anti mimi naendesha bodaboda, nikinyoa ndevu shingo inajaa vipele. Hayo mambo ya kupaka yanatuhusu na sisi wanaume?

JIBU: Yanawahusu sana baba, kutwa uko juani na vumbi. Vitu ni vilevile vitatu. Kwa vipele, nyoa baada ya kuoga ndevu zimelainika, wembe mpya, fuata ndevu zinavyoota usirudishe kinyume, na usinyoe mpaka chini kabisa, mashine inayobakiza kidogo ni bora kwako. Vikianza kuwa vinundu vigumu nyuma ya shingo acha kunyoa na uende ukaonwe mapema, vikishakuwa makovu ya kuvimba ni kazi kuviondoa.