Alfa na macho ya mdogo wako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ununue ule mkanda wa kichwani unaosoma mawimbi ya ubongo, ujifunze kuongeza alfa, aina moja ya mawimbi hayo, upate utulivu. Mimi ukinitajia mawimbi namwona mdogo wako kitini, miaka saba, kichwa kimejaa nyaya.

Wewe ulikuwa bweni. Mtaalamu wa kupima mawimbi ya ubongo alimbandika nyaya kwa gundi, moja moja, kisha akamwambia afumbe macho. Mistari ya kisogoni ikaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio, kama mara tisa kwa sekunde. Alfa hiyo. Akafumbua, ikatoweka. Ndiyo aliyoitangaza daktari Hans Berger kule Jena, Ujerumani, mwaka 1929. Nilifurahi kuiona, sikufichi.

Halafu akaambiwa apulize karatasi, apulize tu bila kukoma. Dakika ya pili akanyamaza. Macho wazi, kope zinachezacheza. Skrini nzima ikajaa vilima, vitatu kila sekunde. Zikapita sekunde kumi hivi, akaendelea kupuliza kama hakuna kitu.

Kumbe ndiyo "uzembe" aliochapiwa darasani mwaka mzima! Kifafa cha kuzubaa. Na mimi nilimfinya sikio mezani: "Nakusemesha, wee!" Hakuwa akinisikia. Siku zote nawaambia, anayezubaa muulize kwanza. Nilikuwa nikilisema hilo hata kabla, na bado nikamfinya.

Basi mawimbi yana ukweli wake: beta mtu akiwa macho anawaza, theta akisinzia, delta kwenye usingizi mzito. Lakini alfa ya mdogo wako ilijaa kwa kufumba macho tu, na muda huo mkono wake ulikuwa umening'ang'ania kwa woga. Alfa ipo, utulivu haupo. Tena mikanda hiyo mingi husomea kwenye paji la uso, ambako hata kupepesa jicho kunavuruga mistari.

Ila tena, kama mkanda utakukalisha kimya dakika kumi umefumba macho, hilo nalo si dogo kwa mtu anayekimbizana kama wewe. Ulimi unaniwasha kukuambia usinunue. Sisemi. Pesa ni zako.

Lakini nimesema muulize kwanza, basi nawe nakuuliza: huo utulivu ulianza kukupotea lini? Nipigie Jumapili, mdogo wako naye atakuwepo.

Mama yako