Mke wangu anataka kuyaona hayo mamilioni

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Dodoma. Mwaka jana nilinunua programu ya BIM, ile ya kulijenga jengo lote kwenye kompyuta kabla ya kuchimba msingi. Leseni, kompyuta 2 na mafunzo ya vijana 2: milioni 38. Ghorofa 4 tumeshakabidhi. Kijana wangu anadai modeli ilikamata migongano 412, yaani sehemu ambazo vitu viwili vimechorwa mahali pamoja, na kutuokolea mamilioni. Mke wangu, ndiye mhasibu, anasema hayaoni. Nimwonyeshe nini?

JIBU: Marahaba. Mkeo ana haki, pesa iliyookolewa haina risiti.

Hiyo 412 iweke kando. Bomba moja likikatiza bimu 12, kompyuta inaandika migongano 12. (Mafundi wangu hadi leo wakisikia BIM wanadhani nasema bimu la zege.) Mingi fundi bomba angeimaliza mwenyewe bila hata kukupigia simu. Kaa na fomani, si kijana wa kompyuta, mpitie mmoja mmoja: huu tungeugundua kabla ya kumwaga zege? Kama ndiyo, ufute. Ikibaki 9, hiyo 9 ndiyo ya kupigia bei.

Bei yake naijua, nimeshailipa. Enzi za karatasi, Dar, bomba la choo la inchi 4 lilikutana na bimu lenye siku 11. Mhandisi akakataa katakata lisitobolewe. Tukashusha dari ya korido nzima. Fundi dari akalipwa mara 2, na kwa siku 6 mlinzi, jukwaa la kukodi na msimamizi wakaendelea kula. Yote hayo yaandike.

Kwenye gharama, ongeza mishahara ya miezi ambayo vijana walikuwa bado wanajifunza. Kompyuta zigawe kwa miaka utakayozitumia. Leseni ya kila mwaka usiigawe. Kisha pesa uliyookoa toa gharama, gawa kwa gharama, zidisha kwa 100: hiyo ndiyo asilimia ya faida. Jengo la kwanza likitoa hasi, usishtuke.

Wala usijipime na Serikali ya Uingereza, iliyoilazimisha BIM kwenye miradi yake Aprili 2016. Yule ni mwenye jengo, modeli itamfaa kwenye matengenezo miaka na miaka. Wewe unakabidhi funguo unaondoka.

Jengo lijalo fungua daftari la bomoabomoa: tarehe, kilichobomolewa, vibarua wangapi, mifuko mingapi ya saruji. Alishike mkeo.